Glasi Moja kwa Mzabibu Mmoja

Yule mzee niliyemtunza Kingstanding, Uingereza, alikuwa siku ya pili hanywi kitu. Kila nikimpa chai alifunga mdomo na kuniambia nimeitia sumu. Hakuwa mtu mbaya. Usahaulifu ulikuwa umemla, na mimi niliyemhudumia miaka miwili nilikuwa mgeni kila asubuhi. Nesi alishasema asipokunywa mpaka kesho yake atapelekwa hospitali, na binti yake aliogopa kwamba hatarudi. Mimi pia niliogopa. Nilimpenda, japo alikuwa mkali kama pilipili.

Kitu kimoja hakukisahau: ngome. Ujanani alichuma zabibu msimu mmoja huko Ufaransa, kwenye ngome iliyo juu ya kilima, na chupa moja ya divai ya huko ilikaa kabatini tangu mkewe alipokuwa hai. Mimi Kifaransa nilikipata kwa fimbo, shuleni Bukavu, kwa hiyo alinipa chupa nimsomee maandishi, kisha akanieleza habari zake upya, kila siku.

Wafalme wa Uingereza waliwahi kuitawala sehemu ile ya Ufaransa, alisema, kisha Wafaransa wakaichukua. Ngome ikaingia ukoo mwingine kwa ndoa. Mume akaanguka kutoka juu ya farasi akafa. Mjane, bado kijana, akabaki na mashamba. Mapinduzi ya Wafaransa yakaja, akafungwa jela, akatoka, akarudi kwenye zabibu zake. Hapo nilisahau vyombo kwenye sinki. Nimewaona wajane wa kwetu wakirudi shambani baada ya vita, kwa hiyo huyo nilimjua kabisa.

Lakini lililoniacha mdomo wazi ni kuoza. Ukungu hupanda kutoka mtoni asubuhi, jua la mchana huja juu yake, na zabibu huota kuvu, zikasinyaa, zikachukiza. Ndizo wanazozitaka, maana utamu wote hubaki humo! Wachumaji hupita mstari uleule tena na tena, wakichagua punje moja moja iliyooza. Mzabibu mzima hutoa glasi moja. Mungu wangu, na mimi nyanya ikiwa na doa tu naitupa.

Siku hiyo ya pili ya kukataa kunywa, alinyoosha kidole kabatini. "Ile nitakunywa."

Nilimpigia simu binti yake. Akasema mpe kidogo, daktari hakukataza. Nikafungua, nikamimina. Mzee akaitazama ile rangi ya dhahabu, kisha akafunga mdomo.

"Umetia nini humu?"

Kwetu anayemimina ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Bibi yangu alifanya hivyo hata kwa maji ya kunywa. Mkono wangu haukuniuliza kama nimeokoka. Niliinua glasi nikanywa, mimi niliyeapa mbele ya kanisa zima kwamba sitagusa pombe.

Asali, maganda ya chungwa, halafu uchachu kidogo unaosafisha ulimi. Nilisimama pale kama mjinga. Kumbe yote aliyonisimulia, jela na kuvu na mikono ya wachumaji, yalikuwa kweli, na yalikuwa mdomoni mwangu. Nililia.

Mzee akayatazama machozi yangu, akacheka, akachukua glasi akaimaliza. Baadaye akanywa chai, baada ya mimi kuionja. Hospitali hatukwenda.

Jioni, nyumbani Castle Vale, mume wangu alininusa mlangoni, akasikia divai. "Eh, mama, uko unanuka vin? Na Jumapili ni wewe utaongoza maombi?"

Nikamwambia yote. Nilingoja anigombeze. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ilikuwa tamu?"

Tangu hapo nilionja kila kikombe cha mzee: chai, supu, hata dawa ya kikohozi, ambayo ni chungu kweli. Asubuhi ya mwisho ya maisha yake hakuweza kumeza tena. Nilimletea maji. Kabla sijaonja, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akalowesha midomo, kisha akanisogezea mimi.

Nikayanywa yote.