Msumari Mtupu

Wenzangu wakisikia harufu ya mafuta ya nyonyo hukumbuka kijiko na maumivu ya tumbo. Mimi hukumbuka kitovu cha gurudumu la lori, cheusi na chenye kung'aa, kikiwa kimesimamishwa katikati ya ua wetu wa Majengo, mjini Nyeri. Baba aliyachemsha mafuta hayo pamoja na shahamu ya kondoo ndani ya mkebe wa rangi, akayapaka kwa kipande cha gunia huku akitaja jina la Mungu, kisha akakisukuma kitovu kwa kidole kimoja. Kikazunguka, nasi tukasubiri kisimame. Nilianza kuhesabu mizunguko, ikanipotea. Ilikuwa likizo ya Desemba, miaka michache baada ya Uhuru. Asubuhi mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, na umande ulikuwa baridi kiasi cha kuuma nyayo. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa seremala wa vitanda na makabati, mji mzima ukimjua kwa droo zisizokwama. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akitengeneza kitu kisicho cha kulalia, kukalia wala kuwekea vyombo. Nilisimama pale nikitazama, hata uji wangu ukapoa.

Wazo alilipata kwa rafiki yake aliyerudi kutoka Nairobi na habari za bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Baba alilipenda gurudumu, lakini farasi aliwakataa. Alikuwa mtu wa dini, na hakuchonga kiumbe chenye uhai. "Nikimchonga farasi," alisema, "siku ya hesabu nitaambiwa nimtie roho, nami roho sina ya kugawa." Kwa hiyo kwenye ncha za mihimili alichonga vitu visivyo na roho: lori, basi, trekta, kichwa cha treni, ndege, tangi la maziwa, na vingine vya namna hiyo. Mbao zilipomwishia, mahali pa mwisho aliweka kigoda tu, bila mapambo. Majirani waliegemea ukuta wakimchokoza. "Fundi, hiyo ndege itatua lini?" mmoja aliuliza. Baba hakuinua kichwa. "Itatua mama yako akikuita kula," alijibu. Alipomaliza, nilizunguka gurudumu lote kwa miguu nikapata hatua zangu thelathini na tano. Usiku ule sikulala vizuri kwa kufikiri kwamba kitu kikubwa hivyo kilitoka katika rundo la mbao nililokuwa nikilikalia.

Mama naye alikuwa na katazo lake. Alizaliwa Mukurweini, na ingawa alisilimu alipoolewa, hakuacha kila kitu nyumbani kwao. Huko kwao watu hawahesabiwi, sembuse watoto. Kumhesabu mtoto ni kumwonyesha kwa kidole mbele ya lisilojulikana. Hata neno kumi hawalitamki panapohusu watu. Husema tisa kamili, na kila mwenye masikio anaelewa. Baba alipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alimjibu, "Baba Salima, watoto si mali." Salima ni mimi. Lakini Mama hakuwa mzembe. Alikata pete kutoka kwenye makopo ya bati, akazilainisha kingo kwa jiwe, akachukua ubao na kupigilia misumari, mmoja kwa kila kiti. Mtoto akipanda huvishwa pete kidoleni. Akishuka, huivua na Mama huirudisha kwenye msumari. Gurudumu halikuzunguka tena mpaka ubao ujae. "Mimi siangalii watoto ni wangapi," aliniambia. "Naangalia msumari mtupu."

Desemba ile Baba alitaka gurudumu liingie katika uwanja wa maonyesho mjini, na kwa hilo ilihitajika leseni. Hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Mbao zote za karakana zilikuwa zimeingia kwenye gurudumu, na wateja wa vitanda walikuwa wamekwenda kwa mafundi wengine. Alitwambia waziwazi kwamba wakimnyima karatasi, atalipasua gurudumu na kutengeneza vitanda. Sikuwahi kusikia tishio la kuogofya kama hilo. Siku ya kuandikisha, Baba alikuwa Nanyuki akitafuta vyuma, kwa hiyo Mama ndiye aliyekwenda ofisini. Karani alikuwa kijana aliyeletwa kutoka upande wa ziwa. Alimwuliza chombo kinabeba watoto wangapi. Mama akajibu, kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa kwao, "Tisa kamili." Kijana akaandika tisa. Mama hakujua kusoma. Baba aliporudi aliisoma karatasi ile, akacheka, kisha akaacha kucheka. Gurudumu lilikuwa na viti kumi, na afisa wa kulikagua alikuwa ameshapangiwa siku ya kuja.

Alikuja siku ya soko, Mukurweini, tulipokuwa tumeweka gurudumu kwenye kiwanja kando ya wauza ndizi na kulizungushia kamba yenye lango moja. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Alilizunguka gurudumu kama nilivyolizunguka mimi, nikampenda kidogo kwa hilo.

"Hapa imeandikwa tisa," alisema. "Mimi naona kumi. Hiki cha kumi ni cha nani?"

"Ni tisa kamili," Mama alisema.

"Mama, tisa ni tisa."

"Tisa kamili si tisa."

Muuza ndizi mmoja akacheka. "Afisa, hiyo hesabu ukamwulize cucu yako. Shuleni hawafunzi." Watu wa kule humwita nyanya cucu, na kicheko kilienea hadi kwenye mikebe ya maziwa.

Afisa hakukasirika, lakini hakucheka. Alimtaka Mama apandishe watoto na kuwahesabu mbele yake, kwa sauti, ili ajue kwamba mwenye chombo anajua idadi ya watu wake. Mama alitikisa kichwa. Baba akamsogelea na kumwomba kwa sauti ya chini, "Mama Salima, ni neno moja tu. Sema kumi, twende zetu."

"Mimi sihesabu watoto ya watu," Mama alisema. "Pasua, ufanye vitanda."

Afisa akasema basi atahesabu mwenyewe. Viti vingine vyote vikajaa. Kigoda hakikuwa na mtu, kwa sababu hakuna mtoto aliyekubali kigoda penye ndege, ndipo Mama akanivisha pete kwenye kidole gumba na kunikalisha pale. Afisa alitunyooshea kalamu mmoja mmoja mpaka kumi. Niliona wanawake wakigeuza nyuso, na mmoja akamfunika mwanawe kwa leso. Vijana wawili wa kusukuma wakaanza kukimbia na gurudumu likashika mwendo. Soko likawa mstari wa rangi: ndizi, mablanketi, ng'ombe, ndizi. Nilichotazama mimi si soko. Nilitazama katikati, kwenye kitovu, ambacho hakikwenda popote ilhali sisi wote tulikuwa tunakwenda. Niliamua kwamba lazima nijue kinavyofanya hivyo.

Gurudumu liliposimama, vumbi lilikuwa zito. Wengine walishukia upande wa lango. Mimi nilishukia upande wa ndani, nikainua ubao wa sakafu uliokuwa haujapigiliwa vizuri, nikatambaa chini ya jukwaa la viti. Kulikuwa na mihimili ya chini inayozunguka pamoja na gurudumu, shibiri mbili juu ya ardhi. Nilipita katikati yake kwa tumbo. Harufu ya nyonyo ilikuwa nene kama moshi. Kitovu kilikuwa pale, mbele ya pua yangu, na mafuta yalikuwa yametengeneza mviringo mwembamba usio na kasoro hata moja. Mpaka leo, pamoja na vitabu vyote nilivyojisomea baada ya kuacha shule darasa la saba, sijaona kitu kilichoeleza vizuri zaidi maana ya ukamilifu. Nilinyoosha mkono nikakigusa. Kilikuwa cha moto.

Juu yangu nilimsikia afisa. "Kumi walipanda, kumi wameshuka. Nimewahesabu langoni. Sasa lizungusheni tupu, kwa nguvu zenu zote, nione kama litastahimili." Nikasikia vijana wakishika mihimili na miguu yao ikitafuta pa kukanyagia. Nilielewa wakati huohuo, kwa utulivu wa ajabu, mihimili ile ingefanya nini. Nilifungua kinywa niite, kikajaa vumbi.

"Ngoja," Mama alisema.

"Mama, nimekwisha kuhesabu."

"Wewe umehesabu. Mimi naona msumari moja iko wazi."

Nyayo zake zilipita haraka juu ya kichwa changu. Baadaye Baba alinieleza kwamba Mama alilikumbatia lori la mbao kwa mikono miwili, akaegemeza mwili wake wote, na vijana wakarudi nyuma. Kisha akauliza, bila kupaza sauti, kama mtu anayeuliza kijiko kiko wapi, "Nani ako na pete?"

Nilipitisha kidole gumba katika ufa wa mbao. Hicho ndicho watu walichokiona kwanza: kidole cha mtoto kikichomoza sakafuni, kimevaa pete ya bati.

Afisa alitaka kujua yule wa kumi aliyeshuka alitoka wapi. Akapatikana: kitoto cha kiume kilichovaa koti la baba yake, ambacho kilipita chini ya kamba kwenda kuigusa ndege, kikatoka langoni pamoja na wengine. "Wewe ulipanda?" afisa alikiuliza. "Hapana," kilijibu. "Nilishuka tu." Safari hii hakuna aliyecheka. Mama alinivua pete, ambayo ilitoka kwa urahisi kwa sababu ya mafuta, akaitundika, akautazama ubao uliojaa, na ndipo akakaa chini kwenye vumbi. Hakunipiga. Afisa akamkaribia, akafungua kalamu. "Niandike ngapi, Mama?" Aliuliza kwa heshima, kama anayeuliza mkwewe. Mama akasema aandike tisa kamili. Afisa akafikiri, akaikata ile tisa, na pembeni akaandika maneno ambayo Baba alitusomea mara nyingi hata tukayajua kwa moyo: Watoto kadiri ya misumari.

Tuliingia maonyeshoni. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilichukua miaka ishirini kujaa. Watoto wa Karatina waliliita gurudumu Kizunguzungu, jina likashika. Kutoka Mwea tulipata injini kuukuu ya kinu cha mpunga, na vijana wa kusukuma wakawa madereva. Ikaja bembea ya chuma ya kupanda juu, ambayo kutoka kileleni mwake, pale Kerugoya, uliona mashamba ya mpunga yaking'aa kama vioo vilivyolazwa. Zikaja telezo, mashua za kuning'inia, lori la kwanza, lori la pili. Tulifika Embu, Chuka na Meru. Kila chombo kipya kilikuja na ubao wake, na Mama, au mwanamke aliyefunzwa na Mama, alisimama kando yake. Baba alichonga mpaka macho yake yalipomkataza, na hakuna hata kuku mmoja katika kazi zake.

Leo mdogo wangu Idi ndiye msimamizi. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kiwanja chao kule Skuta. Kuna kasri la mpira linalojazwa upepo, muziki mkubwa, na kila mtoto hufungwa utepe wa plastiki mkononi. Kijana langoni huusoma kwa simu, na simu humwambia idadi. Ni kazi safi, siidharau. Nilimwuliza Idi kama simu inaweza kukosea. "Dada, hiyo inahesabu kuliko sisi," alisema. Kisha akaona ninakotazama, akatabasamu. Nyuma ya kijana, kwenye nguzo, palikuwa na ubao wa Mama, umekuwa mweusi kwa mikono, na pete kadhaa zilikuwa nje na watoto.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kupima. Najua hatua za kutoka kwangu hadi sokoni, na najua mvua ya kila mwezi kwa mkebe niliouweka uani. Lakini misumari ya ubao ule sijawahi kuihesabu. Nilisimama mbele yake siku ile ya Skuta mpaka watoto wakashuka, na mwanamke aliyesimama kando ya ubao akatundika pete moja moja. Ukabaki msumari mmoja mtupu. Sikugeuka kuangalia kitu kingine chochote. Mjukuu wangu akaja akikimbia, viatu mkononi, akanyoosha kidole gumba chenye pete.