Tulivyomtafuta Mzee Ndani ya Kompyuta

Mume wangu alikufa Jumatano alfajiri, na kabla maji ya kumwoshea hayajachemka, shemeji yangu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda anaandika wasifu. Kwetu Iyula maiti haiteremki kaburini bila kusomewa wasifu: alizaliwa wapi, nani alimbatiza, alifanya nini duniani, ameacha nini. Watu wanausikiliza kuliko mahubiri, maana mahubiri wameshayasikia. Na kilichosomwa pale ndicho kinachobaki. Ikisomwa kwamba ulikuwa mpole, basi ulikuwa mpole, hata kama mbwa wako mwenyewe alikuwa anakukimbia.

Shemeji akaja kunisomea pale nilipokalishwa kwenye mkeka na wamama. Sauti kailainisha kama anabembeleza mtoto mwenye homa. Nikasikia: "Marehemu, kwa kushirikiana na mdogo wake, walianzisha shamba la kahawa."

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ulianzisha nini? Wewe kahawa unaijua ikishafika kwenye kikombe."

"Shemeji, leo siyo siku ya maneno. Una uchungu."

"Uchungu ninao. Na masikio ninayo."

Ile kahawa niliipanda mimi. Mume wangu alikuwa Zambia, huko Kitwe, anatafuta maisha, na maisha yalikuwa yanamkimbia kweli kweli. Mimi nilichimba mashimo na mtoto mgongoni, maji nikayapandisha kutoka bondeni kwa kichwa hiki hiki. Shemeji siku hizo alikuwa anapita njiani kuuliza kama nimepika. Sasa nikaona anakokwenda. Maneno yale yakisomwa kaburini nami nimekaa kimya, ukoo utakapokutana baada ya msiba wazee watasema, si ilisomwa, na mjane alikuwepo? Nusu ya shamba ingekwenda hivyo, kwa sauti laini.

Lakini mzee alikuwa ameshausema wasifu wake mwenyewe. Mwaka uliotangulia, kifua kilipoanza kumbana, tulikwenda naye Vwawa kwa mjukuu wetu mwenye steshenari karibu na soko. Siku hizo Vwawa ilikuwa bado ya Mbeya, mkoa wa Songwe haujazaliwa. Huyo binti nasema wazi, hakuna mwenye vidole kama vyake wilaya nzima. Nusu ya wafu wa Mbozi kawachapa yeye. Mzee akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema maneno yake kuanzia kuzaliwa, mjukuu anacharaza, mimi nipo pembeni nasikia. Ya kahawa aliyasema bila kumung'unya.

Shida ni masharti yake. Jina lake lisiandikwe popote. Neno marehemu lisiguswe. Na karatasi isitoke.

"Mke wangu," alimwambia mjukuu, maana ndivyo babu anavyomwita mjukuu wa kike, "karatasi ya kifo changu haiwezi kulala chini ya paa moja na mimi. Itanizoea. Iache humo humo kwenye mashine, na juu yake andika kitu cha uongo, kifo kikipita kisijue ni mimi."

Hakuna aliyemcheka. Hata mimi niliona ana akili.

Basi Alhamisi asubuhi, siku ya mazishi, nikamwita mjukuu kutoka kwenye masufuria.

"Mke mwenzangu, ile kitu ya mume wetu iko wapi?"

"Iko dukani, Bibi."

"Uliiandika jina gani?"

Akatazama chini. "Nilidanganya jina kama alivyosema. Sasa sikumbuki nilidanganya vipi."

Mjane hatoki kwenye mkeka. Mimi nilitoka. Wamama walidhani naenda chooni, wakaanza kushtuka waliposikia pikipiki inanguruma. Tulipanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati na kitenge cha msiba kichwani, mjukuu nyuma ananishika kiuno. Njiani watu wanasimama kutoa pole, wakiona mwendo wetu wanairudisha pole yao mdomoni.

Kompyuta ya mjukuu ilikuwa kikongwe kuliko mimi. Programu nzito zilikuwa zinaizimisha, kwa hiyo kazi zote alikuwa anaziandika kwanza kwenye programu moja nyepesi, nyeusi tii kama chungu cha jikoni, herufi nyeupe. Mimi darasa la nne sikumaliza, naeleza nilichoona. Humo humo anamoandikia anabonyeza vitufe, kinatokea kidirisha juu, anaandika herufi chache, na majina ya mafaili yanajichuja yenyewe kama pumba kwenye ungo.

Akaandika "babu". Zikaja barua za kuombea ruhusa ya kwenda kumzika babu. Wafanyakazi wa wilaya ile walikuwa na mababu wengi mno. Akaandika "marehemu". Mama yangu! Kioo kikajaa wafu. Jirani yetu, mwalimu wangu, yule bwana aliyenidhulumu mbuzi, wote wamepangana. Nikawaamkia. Wetu hayupo. Akafungua orodha nzima, tukaipitia: matangazo ya mikutano, kadi za michango, mbegu za mahindi, kanuni za kikundi cha nguruwe. Hakuna kinachonuka mzee.

"Jina halitusaidii," akasema. "Tutafute tumbo."

"Tumbo gani?"

"Maneno ya ndani. Ukinipa neno alilolisema, mashine itaingia kwenye mafaili yote kwa mpigo. Sifungui hata moja."

"Kahawa."

Akaandika. Ikamwagika mistari, kushoto jina la faili, kulia maneno yenyewe. Mbozi yote ilikuwa humo. Nani kwetu amekufa bila kahawa?

"Tarumbeta," nikasema, maana alipiga tarumbeta kanisani mpaka mashavu yakalegea. Ikaja kila ratiba ya mazishi iliyowahi kutoka kwenye duka lile, tarumbeta mbele, tarumbeta nyuma. "Kitwe." Wazee wote walikwenda Kitwe. "Nilizaliwa." Vijana wanaoomba kazi, foleni haiishi.

Mjukuu akageuza kiti. "Bibi, unanipa maneno ya kila mtu. Nipe neno ambalo mtu mwingine angeona aibu kuliweka kwenye wasifu wake."

"Si tuandike upya tu? Mimi nilikuwepo."

"Utaandika kwa mdomo wako, na babu mdogo atakujua. Wote watakujua."

Kweli. Maneno nikiyapika mimi yangenuka jiko langu. Nikakaa kwenye kile kiti cha wateja, nikamfikiria mume wangu. Siyo yule waliyekuwa wanamlilia kule nyumbani, aliyeanza kutakata tangu Jumatano. Nilimfikiria yule wa kwangu, anayekoroma, anayeficha sukari, aliyerudi kutoka Zambia baada ya miaka yote ile, nikamkimbilia barabarani, akafungua mdomo kucheka na nikaona vitu vyeupe nisivyovijua.

"Meno," nikasema. "Andika meno ya bandia."

Akaandika. Mstari mmoja tu. Kulia kuliandikwa: "Nilirudi na redio na meno ya bandia, nikakuta mke wangu amejaza shamba kahawa peke yake." Na kushoto, jina la faili: mbegu za mahindi.

Mjukuu alipiga kelele mpaka muuza vocha akachungulia. Mimi ndipo nikalia. Msiba mzima nilikuwa sijalia sawasawa. Nililia kwa ajili ya meno.

Tulifika jeneza limeshawekwa kando ya kaburi na tarumbeta zinapigwa. Shemeji ameshasimama, miwani puani, karatasi mkononi. Nikampa mchungaji karatasi ya kwetu, tuliyoitoa kwenye mashine.

"Mama, wasifu ni mmoja," mchungaji akanong'ona. "Nisome upi?"

"Ule kauandika ndugu. Huu kausema mwenyewe."

Akaupitia kwa macho, nikaona mdomo unamcheza. Akampa mjukuu asome.

"Mimi mnanijua," mjukuu akaanza.

Watu wakatazama jeneza. Bibi mmoja wa kwaya akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Hakuna aliyewahi kusikia maiti wa kwetu anasema mimi. Wakasikia alivyofukuzwa shule kwa kumlisha mwalimu pilipili. Wakasikia Kitwe, redio, meno, na watu wakaanza kucheka wakijiziba na vitenge. Halafu ikaja: "Kahawa yote mnayoiona ni ya mke wangu. Mimi nilikula tu. Mdogo wangu alikula zaidi."

Mwanamke mmoja, simtaji, akapiga kigelegele. Kwenye mazishi! Shemeji akaikunja karatasi yake, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

Sitasema nilifurahia yote. Mzee aliongeza maneno nilipokuwa nimetoka dukani kununua maandazi, na sikuyajua mpaka pale, mbele ya kanisa zima: kwamba mke wake ni mchapakazi lakini uji wake una mabonge tangu walipooana, na hakuwahi kuthubutu kusema. Nikamtazama kwenye sanduku lake. Ana bahati alikuwa amekwishakufa.

Ukoo ulikutana msiba ulipokwisha. Shemeji alikohoa, akasema wasimsahau na yeye kwenye habari ya kahawa, maana maneno ya kompyuta yanaweza kutengenezwa na mtu yeyote. Mzee mkubwa wa ukoo, ambaye masikio yake yalikuwa yamebaki nusu, akauliza: huo uji wenye mabonge, kuna mwanamke angejitungia mwenyewe, usomwe mbele ya kanisa zima?

Wakacheka. Shemeji akacheka nao, angefanyaje. Wakahamia kwenye habari ya ng'ombe.