Mama Chupa na Sukari ya Shemeji Yake

Mama Chupa alikuwa hacheki na mtu. Miaka ishirini na mbili dirishani pa maabara, anagawa chupa za mkojo, anapokea chupa za mkojo, na ole wako ulete inayovuja. "Hii umeibeba kwa meno?" atakuuliza mbele ya watu, foleni nzima ikugeukie. Jina hilo walimwita kisirisiri. Alijua, wala halikumnyima usingizi.

Siku hiyo kiwanda kilileta watu kumi na sita kupimwa kabla ya kuajiriwa udereva wa kreni, na msimamizi wao akazileta chupa zote dirishani kwa sanduku moja. Kiwanda hakitaki maneno mengi: mkojo ukiwa na sukari, jina linakatwa, asije mtu akazimia huko juu. Mama Chupa akachovya kijiti cha kupimia kwenye chupa namba kumi na tatu. Kikageuka rangi, sukari tele. Akasoma jina kwenye fomu, akakaa kitako.

Shemeji yake! Mdogo wa marehemu mumewe. Yule yule aliyekuja siku nane baada ya mazishi, akatoa kila kitu cha mjane, godoro, sufuria, viatu, cherehani, akavimwaga barabarani mvua inanyesha, akatia kufuli mpya mlangoni. Mama Chupa aliokota alichoweza kubeba kwa mikono miwili. Cherehani ilikuwa nzito, ikabaki.

Weee! Tusidanganyane, raha iliyompanda haina mfano. Hakuhitaji hata kusema uongo. Aandike alichokiona, anyamaze, basi.

Lakini kuna kitu kilimkera. Mtu mwenye kisukari cha kiasi kile angekuwa amekonda, anakimbilia maji kila saa. Akamchungulia kwenye upenyo wa dirisha: huyu mashavu yanang'aa, na tangu asubuhi hajaomba hata tone. Mama Chupa akaificha fomu chini ya daftari. Akaitoa. Akairudisha, anajilaani. Saa sita ikamkuta hivyo hivyo, na kiwanda kinataka majibu saa nane. Mwishowe akafungua dirisha kwa kishindo.

"Kumi na tatu!"

Shemeji akaja, akamwona, akaganda. "Wewe! Umetia nini kwenye chupa yangu?"

"Lete kidole nikupime damu."

"Sitoi! Jamani mnaona? Huyu mwanamke ana kisasi na mimi!"

"Ninacho," akasema Mama Chupa. "Tena kikubwa. Lete kidole."

Foleni ikaangua kicheko, kidole kikaletwa. Damu haikuwa na neno. Akampa chupa nyingine, akamsubiri mlangoni pa choo: mkojo, sukari tele vilevile. Akachukua damu ya mkononi, akapima kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Nacho safi.

"Sikiliza, maana sirudii," akamwambia. "Figo haichagui mwanzoni. Inachuja damu, inamwaga kwenye vijirija vyake vyembamba kama nywele maji, chumvi, sukari, uchafu, vyote pamoja. Halafu kuta za vile vijirija zinarudi kuokota cha maana, zinakirudisha kwenye damu. Na uchafu uliobaki kwenye damu, asidi, mabaki ya dawa, kuta hizo hizo zinausukumia nje. Za kwako zinaokota vizuri, ila sukari zinaiacha ipite. Umezaliwa hivyo. Si kisukari."

"Kwa hiyo mimi mzima?"

"Figo zako zina utu kuliko wewe. Zikishamwaga vitu nje, zinarudi kuviokota."

Shemeji akainamia viatu vyake.

Mama Chupa akaandika majibu yote, akayapeleka kwa daktari. Daktari akasoma mara mbili, akatia sahihi: anafaa kazi. Mama Chupa akarudi dirishani, akaisukuma fomu kwa ncha ya kidole.

"Ungeweza kunyamaza tu," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

"Nilitaka. Nimekaa na fomu yako asubuhi nzima nikitaka."

"Asante, shemeji."

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu anashonea."

Mama Chupa akavua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akavaa nyingine. Hakumsamehe, na hadi leo hajamsamehe.

"Kumi na nne!" akaita.