Kitambaa cha Bluu Chini ya Kinanda

Kinanda cha kanisa letu la mji wa Baraka, kando ya ziwa, kilihitaji watu wawili, na sababu ilikuwa mimi. Mguu wangu wa kulia ulikauka nilipougua homa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na wa kushoto haukupata nguvu za kutosha. Kinanda kile kilikuwa cha kukanyaga. Chini kulikuwa na vibao viwili. Ukivikanyaga kimoja baada ya kingine, mivukuto inajaa upepo, ndipo vidole vinapata sauti. Mimi nilikuwa na vidole. Upepo aliutoa dada yangu, aliyenifuata kuzaliwa. Alikaa sakafuni kando ya kiti changu, magoti ameyakunja, akisukuma vile vibao kwa viganja vya mikono.

Aliyetufundisha alikuwa misionari mmoja wa kike, hana mume, tuliyemwita Mamzeli. Mwanzoni alituacha wazi. Kisha bamama wa kanisa walinung'unika kwamba haipendezi msichana kutambaa miguuni pa mvulana mbele ya Mungu, na Mamzeli akashona kitambaa cha bluu, akakining'iniza mbele na pembeni mwa kinanda mpaka sakafuni. Tangu hapo watu walimwona mpigaji mmoja tu. Nami polepole nikaanza kuamini walichokiona.

Dada hakusoma noti hata moja, lakini nyimbo zote alizijua kwa mikono. Alijua ubeti gani unapanda kabla sijafika, akauwekea upepo. Nikichelewa, alikata upepo ghafla, sauti ikafa, kanisa zima likageuka kunitazama.

"We unalala huko juu," alikuwa akiniambia tukitoka. "Nilikuamsha tu."

"Siku moja nitakupiga na fimbo yangu."

"Piga. Kisha Jumapili utapulizia na pua."

Tulicheka. Lakini vijana wa Swima, waliokuja Baraka siku za soko kuuza samaki, walinifanyia mzaha ambao haukunichekesha. "Ewe, pumzi ya dada yako ikiisha, utapiga na nini?" Nilikuwa na miaka kumi na sita. Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani, nikalala nayo.

Mwaka ule nilikuwa namaliza shule ya misheni, na Mamzeli aliniita kwenye baraza lake. Alisema kwamba shule ya walimu ilikuwa inafunguliwa palepale Baraka. Kila siku kungekuwa na saa moja ya muziki, na kando yake sehemu ya wasichana ya kushona na kusoma. Angetuchukua sote wawili, na baada ya miaka minne ningekuwa mwalimu wa kuimba.

"Ninyi wawili ni mpigaji mmoja," alisema. "Sitaki kuwatenganisha."

Alidhani ananipa sifa. Mimi niliyasikia kama maneno ya vijana wa Swima.

Kwetu nyumbani jambo hilo lilikuwa zito kuliko muziki. Mwanamume mmoja wa Lubondja, kijiji cha milimani, mkulima aliyefiwa na mke, alikuwa amekwisha kuja mara mbili kumposa dada. Alikuwa mtu wa heshima, lakini alikuwa karibu rika la baba. Dada hakumtaka. Baba naye hakuwa mkali, alikuwa amemjibu yule mtu hivi: "Mutoto bado iko na kazi ya kinanda. Kazi ikiisha, tutaongea." Kwa hiyo kila mmoja pale nyumbani alijua. Nikibaki Baraka, dada anabaki shuleni. Nikiondoka, anakwenda Lubondja. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Naandika hivi ili msomaji asidhani kwamba sikujua.

Ndipo nikaiona ile picha. Ilikuwa ndani ya kijitabu cha koleji moja ya Bukavu, ambacho Mamzeli alikiacha mezani. Kinanda kikubwa cha mabomba, yamesimama ukutani kama msitu wa mianzi, na chini yake maelezo ya Kifaransa. Nilisoma mstari mmoja: upepo wa kinanda hicho unatolewa na motere, mashine ya umeme. Sikusoma zaidi. Motere! Kinanda kisichomhitaji mtu. Nilijiona nimeketi peke yangu mbele ya mabomba yale, hakuna kitambaa, hakuna mikono ya mtu chini.

Nilimwambia Mamzeli nataka kwenda kule. Alinitazama mguu, kisha uso.

"Mwanangu, kinanda kile kinapigwa kwa miguu pia. Chini kuna safu ya vibao virefu, kila kimoja na sauti yake. Miguu inafanya kazi kama mikono, wakati mwingine kuliko mikono."

Nilimwona anadanganya. Nilijiambia kwamba anaogopa kanisa lake litakosa mpigaji. Ningeweza kukirudia kile kijitabu na kusoma mistari iliyobaki. Kilikuwa palepale mezani, na Kifaransa nilikijua. Sikukigusa.

Mwezi uliofuata ikasikika kwamba mwalimu wa muziki wa koleji ile, mzungu mmoja mrefu, anapita kwenye vituo vya misheni kuchagua wanafunzi. Angekaa Baraka siku mbili. Siku ya kwanza Mamzeli alikuwa na mkutano Fizi. Nilikwenda kwa pasta wetu nikamwomba mgeni anisikilize siku hiyohiyo ya kwanza. Pasta alifurahi kwamba mtoto wa kanisa lake angefika Bukavu. Hakuuliza kwa nini nina haraka.

Kisha nikamwambia dada.

"Utaingia chini ya kitambaa mbele ya yeye kufika. Usitoke mpaka aende."

"Kwa nini nisitoke? Nimsalimie tu."

"Hapana. Akikuona, itaharibika."

Alikwangua udongo uliokaukia kwenye kidole cha mguu. "Yaya," aliniita, kama tuitavyo mkubwa wa kuzaliwa, "ukienda Bukavu, nani anakusukumia?"

"Kule iko motere."

"Na mi?"

Nilimwambia kwamba nikimaliza koleji nitakuwa mtu mkubwa, nitamwita Bukavu, ataishi kwangu. Sijui kama aliniamini. Siku ile ya kwanza ya mgeni, mchana, kabla hajaja kanisani, niliinua kitambaa na yeye akaingia. Mle chini, juu ya mkeka wake, mlikuwa na joto kama ndani ya chungu.

Mgeni aliketi benchi la mbele pamoja na pasta. Nilipiga nyimbo tatu. Sijawahi kupiga vizuri vile, na nitakuwa mkweli: si mimi niliyepiga vizuri. Upepo ulikuja kama nilivyokuwa nauwaza. Pale pa kunong'ona ulinong'ona, pale pa kuinuka uliinuka, na kwenye ubeti wa mwisho ulinisukuma mbele mpaka pasta akasimama bila kujua. Dada alijua anasukuma kitu gani. Alijua kila wimbo ukitoka vizuri, Lubondja inasogea karibu. Angeweza kukata upepo, kama alivyozoea kuniadhibu. Hakukata.

Yule mzungu alifurahi. Aliiona fimbo yangu, akauliza. Nikasema mguu unachoka kwa safari ndefu tu. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamesikia kinanda kikilia, hakutilia shaka. Basi akaanza mazungumzo. Pasta akaletewa chai na ndizi za kuchoma, wakala palepale, mgeni akinieleza kuhusu koleji, bweni, na shuka ninazotakiwa kubeba. Nilisikia pumzi ya dada kwenye muundi wangu, fupifupi. Halafu akakohoa, mara moja, akajizuia.

Mgeni alitazama kitambaa. "Kuna panya?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Panya ni wengi. Wanakula mivukuto."

Akacheka. Pasta naye akacheka, akitazama chai yake. Neno la panya kwa Kifaransa dada alilijua. Tulijifunza darasa moja, kutoka kitabu kimoja.

Walipotoka niliinua kitambaa. Alikuwa ameloa jasho, magoti yamechorwa na mkeka. Alijikokota nje, akanyoosha mgongo.

"Panya imetoka," alisema.

Hakuniambia neno jingine la kunilaumu, siku ile wala baadaye. Njiani tu aliuliza, "Basi nitaenda Lubondja?"

"Bado haijasemwa."

"Itasemwa."

Mamzeli alirudi kutoka Fizi na kukuta jina langu limekwisha kuandikwa. Aliniuliza kama mgeni alimwona dada akisukuma. Nikasema alimwona. Nadhani alijua ni uongo, ila jina lilikuwa limeandikwa, na baba alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe yule mtu wa Lubondja.

Siku ya safari dada alinibebea sanduku kichwani mpaka ufukweni, kwenye boti la Uvira. Alilishusha mwenyewe. "Uniandikie," alisema. "Uniambie namna ile kinanda inalia." Mwezi uliofuata alipelekwa Lubondja. Hilo nililisoma katika barua ya baba, mstari mmoja, kati ya habari za pamba na habari za mvua.

Bukavu, somo la kwanza, yule mzungu alinipeleka kanisani kwa furaha yake yote, akawasha motere. Mabomba yalivuta pumzi. Nilikaa kwenye benchi, nikatazama chini. Vibao vilikuwa pale, virefu, vimepangwa kama mbavu, kila kimoja na sauti yake, kama Mamzeli alivyosema.

"Vua viatu," alisema. "Anza na mguu wa kulia."

Mguu haukusogea. Alisubiri. Akainama, akaushika kwa mkono wake, akauona ulivyo. Hakunikemea. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Basi kule Baraka, nani alikuwa anakanyaga?"

Niliokota fimbo yangu. Alizima motere.

Hawakunifukuza. Kifaransa changu kilikuwa kizuri na mwandiko wangu pia, wakaniweka katika madarasa ya kawaida nikamaliza sekondari, na hicho cheti ndicho kilichonilisha maisha yangu yote katika ofisi za watu. Muziki niliusikiliza nikiwa benchi la nyuma. Lakini barua nilizoandika nyumbani zilisema mengine. Niliandika kwamba kinanda kinalia kama ngurumo juu ya ziwa, kwamba vidole vyangu sasa vinakimbia, kwamba wazungu wananyamaza nikipiga. Dada alizipata barua hizo kwa mkono wa katekista wa Lubondja. Niliambiwa alizihifadhi ndani ya kibuyu kikavu ili mchwa wasizile.

Nilirudi likizo ya mwaka wa tatu. Mamzeli alikuwa amekwenda kwao. Kinanda kilikuwa palepale, kitambaa kimepauka. Nilimwambia pasta kwamba sihitaji tena mtu wa kunisukumia, naye akatangaza kwamba Jumapili mtoto wetu wa Bukavu atapiga, na habari ikapanda mpaka Lubondja.

Dada alishuka kwa miguu, mtoto mgongoni, mimba nyingine tumboni. Alikuwa amekonda. Viganja vyake, nilipomsalimu, vilikuwa vigumu kwa jembe. Alikwenda moja kwa moja benchi la mbele akaketi. Hakuwahi kuketi pale.

"Leo mi niko mutu wa kusikiliza," aliwaambia bamama waliokuwa karibu. "Acha nione nilikuwa nasukumaka nini."

Walicheka wote. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo, kabla ya kuketi. Nilikuwa nayo pia asubuhi, na usiku uliotangulia, na katika kila barua. Nikaketi. Nilijidanganya kwamba mguu wa kushoto utatosha kwa wimbo mmoja mfupi.

Sauti ilitoka nusu mstari, ikalegea, ikafa. Nikakanyaga tena. Ikakoroma kidogo, ikafa. Watu walianza kutazamana. Nilitokwa na jasho, nikakanyaga mara ya tatu.

Dada aliinuka. Alimpa jirani mtoto, akaja pembeni ya kinanda, akainama kwa shida kwa sababu ya tumbo, akainua kitambaa. Aliutazama mguu wangu muda mrefu.

"Kule nani anakukanyagia?" aliuliza polepole, ili wasisikie.

"Hakuna."

"Si iko motere?"

"Iko. Lakini mi sipigi."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

"Na barua?"

Alibaki ameinama, mkono kwenye kitambaa. Nilidhani ataingia chini, akae pale pake, anisukumie. Mungu anisamehe, nilitamani aingie. Nilisogeza hata mguu wangu kumpa nafasi.

Alikishusha kitambaa. Alikinyoosha mikunjo kwa kiganja, kama alivyofanya kila Jumapili kabla ya ibada, kisha akasimama, akaligeukia kanisa.

"Kinanda imeharibika," alisema kwa sauti. "Ni panya. Tuimbe na midomo tu."

Akaanzisha wimbo mwenyewe, na watu wakamfuata. Ibada ilipokwisha alimfunga mtoto mgongoni, akaaga, akashika njia ya Lubondja mapema ili asikutwe na mvua. Sikumsindikiza. Nilijiambia nitamwomba msamaha likizo ijayo, nikiwa nimepata maneno. Mimba ile ilimwua kabla ya likizo.

Wazee wachache waliobaki Baraka wanaokumbuka kinanda kile bado wanasema kiliharibiwa na panya. Wamesema hivyo mbele yangu mara nyingi, nami nimekuwa nikiitikia.