Mashine Iliyojifunza Mkono Wangu

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya kiwanda cha majani chai kule Konoin, nikiwa na patasi ya kuazima na suruali ya kuazima pia, Foreman alinikalisha juu ya gogo la grevilia akanipa habari ambayo niliibeba karibu miaka arobaini. Alisema kuna mashine Nakuru inayochonga mbao bila kushikwa na mtu. Ukiionyesha herufi zako mara moja tu, inazijua. Lakini inazijua kwa kuzichukua. Fundi akirudi nyumbani, mkono wake umekuwa kama wa mtoto mchanga.

"Kuna mtu wa Chebunyo alipelekwa huko," Foreman alisema bila kucheka. "Saa hii analishwa na bibi yake. Hata kijiko hawezi."

"Kijiko, Foreman?"

"Wee, uliza mtu yeyote wa Chebunyo."

Sikuuliza. Niliamini papo hapo, tena nikaamini kuliko Foreman mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipopita Nakuru mikono yangu ilikuwa mfukoni.

Ninyi vijana mnaoagiza bango kwa simu asubuhi na kulipata mchana mtauliza kiwanda cha chai kilimtakia nini mtu wa kuchonga herufi. Sababu ni harufu. Majani chai yanavuta harufu vile sponji inavuta maji. Ukipaka rangi ya mafuta karibu na chumba cha kuchambulia, chai ya siku hiyo yote inanukia rangi, na mwonjaji ataitema mpaka ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana maandishi yetu ya ndani, CHUMBA CHA KUNYAUSHIA, OFISI YA MENEJA, USIPITE HAPA, yalichongwa kwenye mbao za grevilia zilizokaushwa karibu na boila, bila tone la rangi. Kuta za herufi tulizilaza kwa ndani, zikutane chini kama bonde jembamba, ili kivuli kiingie. Kivuli ndicho kilichokuwa rangi yetu. Herufi iliyochongwa vizuri inasomeka hata na mtu aliyesahau miwani yake Sotik.

Kutoka Konoin nilihamishiwa upande wa Roret, chini ya Meneja wa Kiwanda aliyekuwa mrefu hata nadhani aliinama kupisha mawingu. Huyo bwana alikuwa na jicho. Siku moja alisimama mbele ya ubao wangu, mikono nyuma.

"Langat, hii R yako imesimama kama askari wa geti."

"Ndiyo, bwana Meneja."

"Amesimama tangu asubuhi. Mwambie anyooshe mguu kidogo, apumzike."

Nikaunyoosha mguu wa R. Tangu siku hiyo kila R niliyochonga ilikuwa na mguu mrefu uliotangulia mbele, kama mtu anayeshuka shambani na kikapu mgongoni. Watu walijua ubao wangu kwa mguu huo. Namshukuru Meneja yule mpaka leo. Wakubwa wengi hukwambia umekosea, yeye alinionyesha pa kwenda.

Hapo Roret ndipo nilipojiunga na gumbaru, masomo ya watu wazima ya jioni. Nilikaa dawati moja na mama muuza ndizi aliyenishinda hesabu zote, na cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na mvi za kutosha kujaza gunia. Mwalimu alituchorea grafu, mstari wa X umelala, wa Y umesimama, na kila nukta ina namba zake mbili. Nikamwuliza mama wa ndizi, "Hii kitu itanisaidia nini?" Akasema, "Andika tu, mwalimu anakuangalia."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa karakana kuu nje ya mji wa Kericho, chini ya Msimamizi wa Karakana, Madam Chepkemoi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini nilimwita Madam na sikuona haya. Alijua kila mashine kwa mlio wake. Alikuwa akipita nyuma yako kimya, anaangalia kazi, anaondoka. Asiposema kitu, ujue umefanya vizuri. Hapo ndipo nilipostaafu, nikapewa blanketi na hotuba.

Wiki mbili za kustaafu zilinitosha. Ng'ombe wangu wawili walichoka kuniona. Mke wangu, Mama Chebet, aliniambia wazi, "Baba Chebet, tafuta kitu ya kufanya, hata kama ni kuharibu."

Hapo nikafikiri jambo ambalo nililiona la akili sana. Mashine ya Nakuru ni ya kuogopwa kwa sababu ni ya watu. Nikiijenga yangu mwenyewe, kwa mikono yangu, itaanzaje kunidhulumu? Na kwa usalama zaidi, nitaipa herufi za kompyuta peke yake. Zangu haitazionja.

Nikaenda Kericho kwa Njoki, fundi wa vifaa vya elektroniki mwenye duka dogo lililojaa nyaya mpaka darini. Nilimwambia nataka meza inayochonga yenyewe.

"Mzee, unataka CNC," akasema.

"Sijui jina lake la ubatizo. Mimi nataka ichonge."

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanichorea kila kitu nyuma ya risiti. Chini, fremu ya mabomba ya chuma ya mraba. Juu yake, reli mbili, na daraja linalotembea juu ya reli kwenda mbele na nyuma. Kwenye daraja, ruta, yaani ile mota ya mkono yenye kisu kinachozunguka, nayo inakwenda kushoto na kulia, juu na chini. Kila mwendo una skrubu ndefu inayozungushwa na mota ya hatua. Mota hiyo haizunguki ovyo kama ya posho mill ya kusagia mahindi. Inapiga hatua ndogo ndogo zilizohesabiwa, na bodi ya umeme ndiyo inayoihesabia.

"Na bodi inajuaje pa kwenda?" nikauliza.

"Unaipatia namba. X hii, Y hii."

Nilimkumbuka mama wa ndizi nikavua kofia kwa heshima.

Kujenga kulinichukua misimu miwili ya mvua. Fremu niliichomelea mara tatu, maana meza ikikosa kuwa mraba, duara linatoka yai. Upimaji wake ni wa zamani kuliko kompyuta zote. Pima kutoka pembe hadi pembe, halafu pembe zile nyingine, na vipimo viwili vikilingana, umefika. Vyangu vilipishana kwa unene wa kucha, nikabomoa. Njoki alikuja mara nne kufunga bodi na nyaya. Siku tuliyoiwasha, ilinguruma hata nikasadiki chai yote ya kwetu Boito imekauka mitini. Ikachonga mstari mmoja. Ulikuwa umenyooka hivi kwamba Mama Chebet alitoka na chapati mkononi, akaupitishia kidole, asiseme neno. Mke wangu asiposema neno, hilo ni jambo la kutangazwa redioni.

Kisha wazee wa kanisa letu wakaja kuagiza ubao wa mlangoni. Nikawachongea sampuli kwa herufi za kompyuta. Mzee mmoja akaigeuza, akaigeuza tena.

"Langat, hii ni safi. Lakini si yako. R yako iko wapi?"

Nilikaa siku tatu na swali hilo. Mwishowe nikachora alfabeti yangu yote kwenye karatasi, A hadi Z, kila mguu mahali pake. Njoki akaipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta. Tukafunga kisu chenye ncha ya V, kile kinacholaza kuta za herufi, na mashine ikachonga R yangu. Ilikuwa yangu kabisa, na kivuli chake ndani. Nimeona vitu vizuri maishani, lakini hicho nilikiangalia mpaka shingo ikauma.

Wiki iliyofuata nilishika patasi nichonge msalaba mdogo wa kuwekwa juu ya ubao ule. Patasi ikacheza. Nikaikaza, ikacheza zaidi, ikaruka na kipande cha mbao. Kikombe cha chai nacho kikamwagika kabla hakijafika mdomoni. Nilijua mara moja. Nilikuwa nimeionyesha mashine herufi zangu kwa hiari yangu mwenyewe. Bado kijiko tu.

Mashine hiyo bado iko, na kanisa letu limekuwa na mlango mzuri kuliko yote Bureti na pengine duniani. Lakini asubuhi ile nilichukua spana nikaanza kuibomoa. Nilikuwa nimetoa mota ya kwanza wakati Madam Chepkemoi alipoingia uani. Naye alikuwa amestaafu mapema, amekuja kuiona mashine aliyosikia sifa zake.

"Chamgei, mzee," akanisalimia. "Mbona unafungua?"

Nikamweleza yote, Foreman wa kwanza, Nakuru, mtu wa Chebunyo, karatasi ya alfabeti. Nikamnyooshea mkono auone ulivyoibiwa. Hakucheka. Aliushika kwa mikono yake miwili, ukatetemeka humo ndani kama kifaranga.

"Miaka yako mitatu ya mwisho kazini," akasema, "nilikuwa nakupatia mabango makubwa ya barabarani peke yake. Mbao za milango, zile ndogo, nilikuwa napatia wengine. Ulifikiria ni kwa nini?"

"Nilifikiria ni cheo, Madam."

"Mkono ulikuwa unatetemeka tayari. Sikutaka uaibike mbele ya vijana." Akaokota ile mota chini, akapangusa vumbi kwa leso yake, akanipa. "Umezeeka tu, mzee. Mashine haijachukua kitu."