Tovuti Niliyoifunga Kila Jioni

Kwenye masomo yetu ya jioni ya kutengeneza tovuti kulikuwa na uvumi kwamba tovuti ikiachwa wazi usiku, wezi wa mtandaoni huibeba yote na picha zake. Niliuamini kama Injili! Basi tovuti ya Mama Atieno, mteja wangu wa pekee, anayekodisha vyumba vya wageni huko Luanda Kotieno, nikawa naifunga kila jioni na kuandika, "Tumefunga, rudi kesho." Nilijiona askari hodari kuliko wote Kisumu.

Siku moja Mama akanifuata mtaani kwangu Nyamasaria, amefura kwa hasira. "Wageni wamepotea. Natafuta fundi mwingine."

"Mama, wezi hawawezi kuingia," nikajigamba. "Kila jioni nafunga mwenyewe."

"Unafunga? Bwana, watu hutafuta vyumba usiku, wakishatoka kazini. Tovuti haifungwi."