Maneno ya Mama Kwenye Simu ya Mwingine

Tovuti yangu ya migomba ilitengenezwa na mdogo wangu anayeishi Beni. Alikuja Butembo, akakaa nami juma zima akinionyesha namna ya kuiandikia. Karibu yote niliyoandika nilijifunza kwa mama, shambani kwake karibu na Kirumba, hasa habari za mnyauko, ule ugonjwa unaogeuza mgomba kuwa manjano na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa.

Kwa miaka kadhaa wasomaji walikuja. Kila mashine ya kutafutia habari ilipobadili utaratibu wake walipungua, mdogo wangu akarekebisha hiki na kile, wakarudi. Nilizoea, kama tulivyozoea barabara: leo inapitika, kesho matope. Halafu mashine ikaanza kujibu yenyewe. Mtu akiuliza, jibu linatokea palepale juu, hana haja tena ya kufungua ukurasa wa mtu. Safari hii hawakurudi.

"Yaya, hapa hapana kitu naweza fanya," mdogo wangu aliniambia kwa simu; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Batu banauliza, mashine inajibu, basi."

"Na yenyewe inatoa wapi ile majibu?"

"Kwa batu kama weye."

Iliniuma. Mama alikuwa amefariki mwaka huohuo, nikaona kama tunamzika mara ya pili. Nikaacha kuandika.

Jumapili moja, baada ya misa, mkulima mmoja mwanamke kutoka Kasugho alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi mnyauko ulivyokoma kusambaa shambani mwake. Walipomuuliza alifanyaje, alitoa simu, akawasomea jibu alilopewa na mashine: "Vunja ua la mgomba kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Kisu hakijui mgonjwa na mzima."

Maneno hayo niliyaandika kwenye tovuti yangu; sikuwa nimewahi kumsikia mtu mwingine akisema hivyo juu ya kisu. Niliketi kwenye ngazi za kanisa, machozi yakanitoka.

"Mama, unagonjwa?" yule mkulima akaniuliza.

"Hapana. Ile maneno ni ya mama yangu. Alishakufa."

Nilidhani atacheka. Akaweka simu mfukoni, akanishika mikono yote miwili.

"Mungu amupokee. Batoto yangu banakula kwa sababu yake."

Kisha akaketi kando yangu, kwa kuwa alikuwa na swali lingine. "Miche yenye haina bugonjwa nitaipata wapi? Telefone inanijibu mambo ya inchi ingine." Hilo nililijua. Tuliongea mpaka uwanja ukabaki mtupu, nikamshukuru zaidi ya alivyonishukuru yeye.

Juma hilo niliandika juu ya miche. Wasomaji bado ni wachache, ila siku hizi huniandikia. Juzi mmoja wa Eringeti aliuliza kama anaweza kupanda maharagwe kati ya migomba. Mdogo wangu alikuwa amenitembelea. Yeye akatafuta picha, mimi nikaandika jibu, na chai ikapoa mezani.